Unga mwekundu ulioshuka mara nane: kisa cha polima fuwele na haidrojeni ya nuru

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika maabara moja ya kemia barani Ulaya. Nilikuwa mtafiti pale, na mhusika mkuu alikuwa mwanafunzi wa uzamivu kutoka Afrika Mashariki ambaye nitamwita M. Nchi, chuo, mwaka na majina ya watu nimeviondoa. Vipimo vyetu nimevilainisha kidogo ili visimtambulishe mtu, lakini uwiano kati yake ni ule ule.

Kazi ya M. ilihusu polima fuwele zenye vinyweleo, ambazo wanakemia huziita kwa kifupi COF. Polima tulizozizoea, kama plastiki ya ndoo, ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana bila utaratibu. COF ni tofauti. Chukua nyavu nyingi za kuvulia zenye macho sawa, uzipange moja juu ya nyingine hadi macho yaoane kutoka juu mpaka chini. Unapata mifereji iliyonyooka inayopita katikati ya rundo zima. Katika polima aliyoitumia M., kila jicho lina upana wa nanomita 1.8 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kila fundo la wavu ni kifungo imara cha kovalenti kati ya atomi nyepesi: kaboni, naitrojeni, oksijeni na haidrojeni.

COF za kwanza zilitangazwa mwaka 2005 na kundi la Omar Yaghi nchini Marekani. Mwaka 2025 Yaghi alipata Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na Susumu Kitagawa na Richard Robson, kwa kazi yao juu ya ndugu wa polima hizi, ile mitandao inayochanganya metali na molekuli za kikaboni. Wazo la kuzitumia COF kuzalisha haidrojeni kwa nuru lilipata nguvu mwaka 2014, kundi la Bettina Lotsch huko Stuttgart, Ujerumani, lilipoonyesha kwamba COF yenye platinamu kidogo hutoa haidrojeni ikimulikwa kwa mwanga unaoonekana kwa macho. Nyuma ya yote hayo kuna kazi ya Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani, ambao mwaka 1972 walionyesha kwamba nuru ikiangukia oksidi ya titani inaweza kuyagawa maji. Shida ya oksidi ya titani ni kwamba hunywa urujuanimno tu, na urujuanimno ni sehemu ndogo sana ya jua. Polima hizi mpya zina rangi, njano, chungwa au nyekundu, na rangi hiyo ndiyo ushahidi kwamba zinanywa mwanga mwingi zaidi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Chembe ya nuru inapoingia kwenye polima humwinua elektroni mmoja na kuacha shimo pale alipotoka. Elektroni akibahatika kufika kwenye punje ya platinamu kabla hajarudi shimoni, hukutana na protoni za majini. Elektroni wawili na protoni mbili hufanya molekuli moja ya haidrojeni. Lakini shimo nalo linadai kujazwa. Tungependa lijazwe na maji yenyewe, yakitoa oksijeni, ila kazi hiyo inahitaji elektroni wanne kwa kila molekuli ya oksijeni na huenda polepole mno. Kwa hiyo maabara nyingi hutoa kafara: huweka majini kitu chepesi kunyang'anywa elektroni kikaliwe badala ya maji. Kafara ya M. ilikuwa asidi askobiki, yaani vitamini C ile ile ya kwenye machungwa. Msomaji aishike kafara hii akilini, maana nitairudia.

Unga wa kwanza

M. alianza na polima inayojulikana tayari, TpPa-1, iliyotangazwa mwaka 2012 na kundi la Rahul Banerjee nchini India. Mimi ndiye niliyemshauri aanzie hapo. COF za mwanzo zilizofungwa kwa boroni huvunjwa hata na unyevu wa hewani, lakini TpPa-1 huvumilia maji yanayochemka na asidi kali. Kwa kazi ya kukaa ndani ya maji, hiyo ndiyo sifa ya kwanza kutafuta.

Alipima viambato viwili kwenye mrija wa kioo, akaongeza viyeyusho na asidi ya asetiki kidogo. Akaugandisha mrija ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, akavuta hewa kwa pampu, akauacha uyeyuke. Akarudia mara tatu, kwa sababu mojawapo ya viambato huharibiwa na oksijeni na ukikiacha hewani utakiona kikigeuka rangi ya kahawia. Kisha akaufunga mrija kwa moto na kuuweka kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa siku tatu. Alipoufungua, kulikuwa na unga wa rangi ya tofali lililoiva, mwepesi, ukikaa kwenye karatasi kama poda.

Unga ulikuwa kidogo, miligramu chache tu, na M. hakuwa na haraka. Aliuosha, akauloweka kwenye asetoni siku tatu akibadilisha asetoni asubuhi na jioni, halafu akauacha ukauke taratibu. Hakuna aliyemwelekeza kufanya vile, na kwenye daftari aliandika maneno mawili tu: "umeoshwa, umekaushwa."

Kwa jaribio la nuru alitia miligramu 5 za unga kwenye mililita 25 za maji yenye vitamini C, akadondosha chumvi ya platinamu, akapuliza argoni kuondoa hewa, akawasha taa ya zenoni iliyowekewa kichujio cha kuzuia mwanga wote ulio chini ya nanomita 420. Kila saa alivuta gesi kidogo kwa sindano na kuipitisha kwenye kromatografu, mashine inayotenganisha gesi na kupima kiasi cha kila moja. Kwenye mashine ile haidrojeni hutoka ya kwanza, kabla ya oksijeni na naitrojeni, kama kilele chembamba kilichosimama peke yake. Siku ile kilele kilipanda kila saa. Katika saa iliyokuwa bora alipata mikromoli 20 (mikromoli ni kipimo cha idadi ya molekuli). Ukigawa kwa miligramu 5 unapata mikromoli 4,000 kwa gramu kwa saa.

Namba ile ilipendeza. Msimamizi aliifurahia, nami pia. Ndani ya wiki ulipelekwa muhtasari kwenye mkutano wa kisayansi, na kichwa chake kilisema "kutenganisha maji kwa nuru".

Unga wa pili

Ili kupata unga wa kutosha kwa vipimo vingine, M. alitengeneza mara kumi ya kiasi cha kwanza, wote katika mrija mmoja mkubwa. Safari hii kikao cha kundi kilikuwa kinakaribia. Aliuosha, akaumalizia kwa maji, akaupeleka moja kwa moja kwenye oveni ya ombwe, yaani iliyovutwa hewa, ukauke usiku mmoja. Asubuhi unga ulikuwa mwekundu vile vile, ila mgumu kidogo, wenye mabonge yaliyohitaji kusagwa.

Kwa kuwa sasa unga ulikuwepo, alipima miligramu 50. Mizani huaminika zaidi kwa uzito huo kuliko kwa miligramu 5, na hilo ni kweli. Taa, chupa, maji na platinamu vilikuwa vile vile. Akapata mikromoli 25 kwa saa, sawa na 500 kwa gramu. Namba ilikuwa imeshuka mara nane.

Alikuja mezani kwangu jioni. "Kaka, unga umekataa."

"Umekataa vipi?"

"Umekataa kabisa. Nimerudia mara mbili."

Tulivyoamua, na kwa nini

Mapendekezo yalikuwa matatu. Msimamizi alitaka atengeneze upya, na atengeneze tena, mpaka ile 4,000 irudi. Mwenzetu mmoja alishuku kromatografu. Mimi nilitaka tusitengeneze chochote mpaka tujue kilichobadilika. Tulianza na kromatografu kwa kuwa ilihitaji nusu saa tu: tukaingiza haidrojeni ya kiasi kinachojulikana, ikasoma sawasawa. Mashine haikuwa na kosa.

Kuhusu kutengeneza upya, nilipinga kwa sababu moja. Ukirudia mpaka upate namba unayoitaka, utajifunza kwamba inawezekana kuipata, lakini hutajua ilitoka wapi. Kati ya unga wa kwanza na wa pili mambo matatu yalikuwa yamebadilika pamoja: ukubwa wa mrija, namna ya kukausha, na uzito uliotiwa kwenye chupa. M. alikubali kuyatenganisha moja baada ya jingine. Msimamizi alitupa wiki mbili.

*Uzito kwanza.* Tulichukua unga wa pili pekee, ule "uliokataa", tukaupima kwa miligramu 2, 5, 10, 20 na 50. Haidrojeni kwa saa ilikuwa mikromoli 4.4, kisha 10, kisha 17, kisha 23, kisha 25. M. alichora nukta zile kwa kalamu kwenye karatasi ya miraba, na kabla hajamaliza nukta ya tano akasimamisha mkono. Mstari ulikuwa umelala. Kutoka miligramu 20 hadi 50, unga ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara mbili na haidrojeni haikuongezeka hata kwa sehemu moja ya kumi.

Sababu yake ukiona chupa huhitaji kuambiwa. Kwenye miligramu 50 maji yalikuwa mekundu mazito, na ukiweka kidole nyuma ya chupa hukioni. Nuru yote ilikuwa inamezwa mbele, na unga wa nyuma ulikuwa gizani. Ule wa gizani haufanyi kazi, lakini ukigawa kwa gramu unahesabiwa kama mfanyakazi. Kwenye miligramu 5 kila punje inapata nuru, na nuru nyingi inatokea upande wa pili bila kutumika.

Kwa gramu, unga ule ule mmoja ulitoa 2,000 kwenye miligramu 5 na 500 kwenye miligramu 50. Kati ya mara nane zilizopotea, mara nne zilikuwa za kugawanya tu. Zilibaki mara mbili, ambazo zilikuwa za unga wenyewe: miligramu 5 za unga wa kwanza zilitoa 20, miligramu 5 za unga wa pili zilitoa 10.

*Kukausha na mrija.* Tuliupeleka unga wa pili kwenye eksirei. TpPa-1 iliyopangika vizuri huonyesha kilele kirefu karibu na pembe ya digrii 4.7, na hicho ndicho kinachosema kwamba macho ya wavu yapo na yameoana. Cha unga wa pili kilikuwa kifupi na kimetanuka. Je, ulikuwa umeharibika kwenye mrija mkubwa, au kwenye oveni? M. alitengeneza unga wa tatu kwenye mrija mdogo, akaugawa nusu kwa nusu ungali mbichi. Nusu moja ikakaushwa kutoka kwenye maji kwa oveni ya ombwe. Nusu nyingine ikalowekwa kwenye asetoni siku tatu na kukaushwa taratibu, kama wa kwanza. Ile ya asetoni ilitoa kilele kirefu na haidrojeni karibu sawa na ya unga wa kwanza. Ile ya oveni ilifanana na unga wa pili. Mrija ukaachiwa huru.

Tulijaribu pia kuufufua unga wa pili kwa kuuloweka upya kwenye viyeyusho. Kilele kilinyanyuka kidogo tu, na haidrojeni haikubadilika kwa kiasi cha kusemwa. Siku nne zilipotea hapo.

*Majaribio ya kuthibitisha.* Hapa ndipo ninapojilaumu, kwa kuwa yalipaswa kufanywa siku ya kwanza na mimi ndiye mkubwa niliyekuwa karibu. Gizani, hakuna haidrojeni. Bila polima, hakuna. Bila platinamu, dalili ndogo mno. Bila vitamini C, hakuna kabisa.

Matokeo

M. aliandika kwa waandaaji wa mkutano na kubadilisha muhtasari. Neno "kutenganisha maji" liliondoka, likawekwa "kuzalisha haidrojeni kwa nuru kukiwa na kitoaji cha kafara". Namba ya 4,000 iliondoka pia. Badala yake aliweka mchoro wa haidrojeni dhidi ya uzito, na ufanisi wa kwanta kwenye urefu mmoja wa wimbi, yaani molekuli za haidrojeni mara mbili, kugawanya kwa idadi ya chembe za nuru zilizoingia. Msimamizi hakupenda mwanzoni, akihofia kwamba muhtasari uliosahihishwa utaonekana dhaifu mbele ya ile mingine. Alisoma mchoro, akauliza maswali mawili kuhusu chupa ile, akakubali. Bango la kazi hiyo lilipokelewa mkutanoni.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni kubadilisha jambo moja kwa wakati, na hasa kule kuugawa unga mmoja mara mbili kabla haujakauka. Ungetengenezwa mara mbili kwa siku mbili, mtu angeweza kubishana milele kuhusu siku ipi ilikuwa na hewa zaidi mrijani. Ukiugawa mmoja, ubishi huo haupo. Pia ilisaidia kwamba jaribio la uzito lilifanywa kwa unga mbaya. M. alitaka kuutumia uliobaki wa kwanza, miligramu tatu, kwa kuwa ndio ulikuwa "mzuri". Tungeumaliza bila kupata hata nukta mbili.

Kwa nini kukausha kutoka kwenye maji kuharibu hivyo? Maji yanapotoka kwenye tundu jembamba, uso wake huvuta kuta kuelekea ndani. Mvuto wa uso wa maji ni takribani mara tatu ya ule wa asetoni. Kwenye tundu la nanomita 1.8 nguvu hiyo ni kubwa, na nyavu zilizopangwa juu ya nyingine hazishikiliwi na vifungo vya kovalenti bali na mvuto dhaifu tu kati ya tabaka. Zinateleza, macho yanaacha kuoana, mifereji inaziba. Kila wavu bado ni mzima, rangi ni ile ile, na ndiyo maana kwa macho huoni tofauti. Wenye kifaa hutumia kaboni dioksidi iliyopitishwa kwenye hali ya juu ya nyuzi 31 na shinikizo la zaidi ya angahewa 73, ambapo hakuna tena uso wa kimiminika wa kuvuta chochote. Sisi hatukuwa nacho, na asetoni na subira vilitosha kwa polima hii. Kwa COF laini zaidi pengine havitoshi.

Kilichofeli zaidi ni daftari. "Umeoshwa, umekaushwa" ni maneno ya kweli kwa unga wa kwanza na kwa wa pili pia. Kama M. asingekumbuka kwa kichwa zile siku tatu za asetoni, tusingekuwa na mahali pa kuanzia. Na alizikumbuka kwa sababu harufu ilimuumiza kichwa.

Kuhusu namba ya kwa gramu, sisemi itupwe. Ina kazi yake mtu anapolinganisha unga mbili kwa uzito mmoja, taa moja na chupa moja. Lakini ukiiona kwenye makala, tafuta kwanza miligramu ngapi zilitumika. Ukikuta mbili au tatu, jua kwamba mwandishi amepima mahali ambapo namba hutoka kubwa kuliko zote, awe amekusudia au hakukusudia. M. hakukusudia. Alitumia miligramu 5 kwa sababu hakuwa na nyingine. Na ile "saa bora" nayo ni mtego wa aina hiyo hiyo: mwanzoni platinamu bado inajikusanya kuwa punje na haidrojeni ni kidogo, baadaye kasi inapanda, na ukichagua saa moja umechagua jibu.

Sasa vitamini C. Molekuli moja yake hutoa elektroni wawili, yaani hulipia molekuli moja ya haidrojeni. Gramu 176 za vitamini C kwa gramu 2.016 za haidrojeni. Kwa kilo moja ya haidrojeni, yenye nishati ya kama kilowati-saa 33, ungehitaji kilo 87 za vitamini C. Kwenye chupa ya M. mlikuwa na gramu 0.44, na kwa hesabu hiyo chupa nzima isingeweza kutoa zaidi ya mililita 61 za gesi hata ingewashiwa taa mwaka mzima. Tena vitamini C huachia elektroni zake kwa urahisi kuliko maji, kwa hiyo sehemu kubwa ya ule mlima ambao nuru ilipaswa kuupanda imeshasawazishwa kabla hujawasha taa. Kafara ni chombo halali cha kuchunguza nusu moja ya kazi. Kuiita kutenganisha maji ni kumwambia msomaji jambo lisilokuwepo.

Hili linanigusa kwa sababu najua habari hizi zinavyosafiri. Muhtasari unageuka habari ya chuo, habari ya chuo inageuka kichwa cha habari, na kinafika kwa mwalimu wa kemia Mwanza au Machakos kikisema jua na maji vimeshatoa nishati ya kupikia. Hali halisi ni kwamba jaribio kubwa la uwanjani linalofahamika, lile la kundi la Kazunari Domen nchini Japani lililochapishwa mwaka 2021, lilitumia paneli za mita za mraba 100, bila kafara yoyote, na kwa kichocheo cha madini wala si polima. Lilifikia ufanisi wa asilimia 0.76 wa kugeuza jua kuwa haidrojeni. Hicho ndicho kipimo cha kuvilinganishia vyote, na ni kazi kubwa iliyofanywa kwa uaminifu. Polima zetu bado ziko ndani ya chupa.

Lebo za M. zilibadilika baada ya wiki zile mbili. Ya unga wa tatu, nusu ya pili, ilisomeka: asetoni siku 3, mara 6, hewa ya chumba, haijasagwa, eksirei imepimwa kabla ya taa. Unga uliofuata, wenye kiambato kingine mahali pa cha zamani, aliupima kwa uzito tano kabla hajaniambia namba hata moja.